HD 800 S au LCD-X? Jibu kwa fundi wa Nyegezi anayemiksi kwaya usiku

"Shikamoo kaka. Nina studio ndogo hapa Nyegezi, Mwanza, wateja wangu wengi ni kwaya za makanisani na wanachuo wachache. Chumba ni kimoja na ndicho tunacholala, mimi, mama watoto na mtoto wa miezi minne. Mchana pembeni kuna fundi mageti anakata vyuma kutwa nzima kwa hiyo mimi namiksi usiku kuanzia saa nne, spika ninazo ila usiku siwezi kuzifungua. Shemeji yangu anarudi kutoka Marekani mwezi wa kumi na mbili na kakubali kuniletea mzigo mmoja. Nimejichanga muda mrefu na nimebaki na hedifoni mbili tu kichwani, Sennheiser HD 800 S na Audeze LCD-X. Prodyuza mmoja kaniambia LCD-X nisiiguse, ni ohm 20, hiyo ni ya kusikilizia simu, ya studio ni ohm 300. Mwingine kasema zote mbili bila amplifaya kubwa ni kazi bure, na mimi natumia saundikadi ndogo ya USB. Halafu siku hizi nikimaliza kazi sikio la kushoto linabaki linalia nyiii mpaka nalala, asubuhi nakuta limeacha. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza ipi kati ya mbili na nitakujibu, ila hiyo ya sikio umeiweka mwishoni kama nyongeza tu na kwangu mimi ndo ilitakiwa iwe ya kwanza. Nitaifikia, we usiishie kwenye jina la hedifoni ukafunga.

Jibu fupi ni kwamba kwa kazi yako kati ya hizo mbili ningechukua LCD-X, kwa masharti ambayo nayaeleza hapa chini, na isingekuwa kitu cha kwanza kutoa hela.

Tuanze na huyo prodyuza wa ohm 300. Hayuko peke yake, hii stori utaisikia kwenye studio nyingi kuanzia Igoma mpaka Kirumba, kwamba ohm nyingi ni za wakubwa na ohm chache ni za simu. Chanzo chake kinaeleweka. Hedifoni nyingi za studio za zamani zilikuwa ohm 250, 300, hata 600, kwa sababu mitambo ya redio na studio ya enzi hizo ilikuwa inatoa volti za kutosha na ilikuwa kawaida kuchomeka hedifoni kadhaa kwenye mtambo mmoja, ukiweka za ohm chache unaulemea. Pia koili ya ohm nyingi inazungushwa kwa waya mwembamba sana kwa hiyo inakuwa nyepesi. Sasa watu wakaona hedifoni nzuri ni za ohm 300 wakadhani ni ohm ndo zinaleta uzuri. Ohm inakwambia tu hedifoni inaupinga mkondo wa umeme kwa kiasi gani, basi. Haikwambii kama sauti ni safi, haikwambii besi inashuka mpaka wapi, na peke yake haikwambii hata kama hedifoni ni ngumu kuiendesha, hapo lazima uangalie na usikivu wake, yaani ukiipa umeme kiasi fulani inatoa desibeli ngapi.

Ngoja tupige hesabu maana hapa ndo mabishano yanapoisha. HD 800 S ukiipa volti moja inatoa desibeli 102. LCD-X imeandikwa desibeli 103 kwa miliwati moja, na miliwati moja kwenye ohm 20 ni kama volti 0.14 tu, kwa hiyo ukiipa volti moja nzima kama ile nyingine inafika karibu desibeli 120. Tofauti ya desibeli 18 kwa volti zilezile! Ukitaka usikilize kwa wastani wa desibeli 80, ambao kwa kumiksi ni kiwango kizuri tu, LCD-X inahitaji kama milivolti 10 na HD 800 S inahitaji kama milivolti 80. Kwa hiyo ile "ya simu" ndo rahisi kuiendesha kwa volti, na kwa mkondo pia haina shida kwako, hata ngoma ikipiga kwa nguvu ikaruka desibeli 18 juu ya wastani bado unaongelea miliampea nne hivi, saundikadi ndogo inaziweza bila kutoa jasho.

HD 800 S kwenye saundikadi yako nayo haifi, ila inabana. Tuseme saundikadi inatoa volti moja ukiwa umefungua volyumu mpaka mwisho, na miksi yako bado haijapandishwa, wastani wake uko desibeli 20 chini ya kilele cha mtambo kama inavyotakiwa. Utapata wastani wa desibeli 82 hivi, volyumu ikiwa imegota. Inatosha kwa shida, ukikutana na kwaya iliyorekodiwa chini utatamani uongeze na hakuna pa kuongeza. Hapo kamplifaya kadogo kasafi kanatosha kabisa, halihitajiki lile dude la bei ya bodaboda ambalo watu wanakutisha nalo. Mshauri wako wa pili kwa hiyo yuko robo sahihi kwa HD 800 S, kwa LCD-X hayupo kabisa.

Ila urahisi wa LCD-X una upande wa pili ambao wauzaji hawausemi. Hedifoni inayopokea volti ndogo ikapiga kelele inapokea na uchafu mdogo vilevile. Ule mvumo wa shhh wa saundikadi, na ule mngurumo unaokuja laptopu ikiwa kwenye chaji, utausikia kwa desibeli zilezile 18 zaidi kuliko kwenye HD 800 S. Jaribu leo na hiyo hedifoni yako, usicheze wimbo wowote, fungua volyumu mpaka pale unapofanyia kazi, sikiliza, halafu chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukiondoka, shida ni chaja na ethi ya nyumba, yaani ule waya wa umeme unaokwenda ardhini, na ukiwa na LCD-X utaiona kubwa zaidi. Dawa ya haraka ni kumiksi kwa betri. Dawa yenyewe ni fundi umeme akuangalizie kama hiyo soketi ina ethi ya kweli au ni tundu la urembo, nyumba za kupanga zetu unazijua. Kitu kingine, kwenye saundikadi za bei nafuu ukiwa unafungua kitufe cha volyumu kidogo sana, kushoto na kulia mara nyingi havilingani, upande mmoja unatangulia. Na LCD-X utakuwa unaishi kwenye sehemu hiyo ya kitufe. Ukiona hivyo fungua kitufe zaidi na ushushe sauti ndani ya programu.

Sasa sauti yenyewe. HD 800 S ilitoka 2016, ni maboresho ya HD 800 ya 2009. Spika yake ya ndani inasukumwa na koili kama spika za kawaida, ila utando wake ni wa umbo la pete, milimita 56, katikati wameutoa kwa sababu utando mpana ukisukumwa na koili huwa unajikunja sehemu na sehemu na kuleta uchafu. LCD-X haina koili. Ina utando mwembamba mpana wa milimita 106, njia za umeme zimechorwa juu ya utando wenyewe na sumaku zimepangwa mbele na nyuma. Ni kama turubai la harusini, badala ya mtu mmoja kulisukuma kwa mti una watu wameshika kila sehemu na wote wanakwenda pamoja. Faida yake utaiona kwenye besi. Pedi ikikaa vizuri kichwani LCD-X inashuka chini kabisa bila kupungua, wakati HD 800 S kule chini ya hezi 50 au 60 inaanza kukunyima taratibu.

Na kwaya zenu za siku hizi besi gitaa ndo inabeba wimbo, ikifika kwenye sebene hapo ngoma ya kiki na besi gitaa vinagombania sehemu moja na usiposikia vizuri utaviacha vigombane mpaka kwenye sabufa la muumini. Ukimiksi kwa HD 800 S bila kurekebisha kitu utaona besi haitoshi, utaongeza, halafu mtu anaweka flashi kwenye daladala ya Kisesa vioo vinatetemeka. Kule juu nako HD 800 S ni kali, ile HD 800 ya kwanza ilikuwa na mwiba karibu na kilohezi 6 na kwenye S wakaweka kifyonzaji cha kuupunguza lakini bado inang'aa, kwa hiyo "s" na "sh" za soprano zitakuchoma na utazikata kupita kiasi na kwaya itatoka kama imefunikwa shuka. Halafu kuna ule upana wake ambao ndo sifa yake kubwa, spika zimekaa mbali na sikio na zimeinamishwa, unasikia kama uko ukumbini. Ni tamu sana kusikilizia. Kwa kumiksi inadanganya kidogo, wimbo unakuwa tayari una nafasi ambayo hujaiweka wewe, unapunguza mwangwi, kesho yake kwenye simu kwaya inasikika kavu imesimama puani.

LCD-X nayo isikudanganye. Ina bonde kwenye sauti za kati juu, pale kwenye kilohezi 3 mpaka 4, na hapo ndo maneno ya waimbaji yanapokaa. Ukiiamini ilivyo utadhani soprano na alto wako nyuma, utawavuta mbele, na kwenye spika watakuja kukupigia kelele usoni. Toleo la 2021 walilirekebisha kiasi lakini bonde bado lipo. Kwa hiyo ukitoa milioni zako usitegemee kwamba umenunua ukweli mtupu, hakuna hedifoni ya hivyo, zote mbili zinahitaji ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi, sauti za kati na za juu, ya kuzinyoosha. Habari njema ni kwamba LCD-X inakubali ikwalaiza vizuri mno kwa sababu hata ukiipandisha sehemu haianzi kukwaruza. Audeze wenyewe wana plagini yao, kiprogramu cha kuongezea ndani ya programu ya studio, inaitwa Reveal, na mradi wa bure wa AutoEq una vipimo vya hedifoni nyingi zikiwemo hizi. Ila shika hili, watu wengi wanaweka ikwalaiza ya bure ya Equalizer APO kwenye Windows wakidhani imemaliza kila kitu, na ile haigusi sauti inayopita kwenye ASIO, njia ambayo programu za studio hutumia kupeleka sauti moja kwa moja kwenye saundikadi, kwa hiyo Yutubu inanyooka na studio inabaki ilivyo halafu fundi anashangaa mbona nyimbo za wenzake zinasikika tofauti na zake. Iweke ndani ya programu ya studio. Kwenye programu ya Reaper kuna sehemu ya Monitoring FX, ukiweka pale haiingii kwenye wimbo ukitoa faili. Kama programu yako haina kitu hicho weka mwisho kabisa wa masta na bandika karatasi ukutani ikukumbushe kuizima kabla ya kutoa faili, kwa sababu usiku wa manane utasahau. Na ukipandisha sehemu yoyote shusha volyumu ya jumla ya ikwalaiza kwa kiasi kilekile, vinginevyo sauti itagonga dari.

Jambo ambalo hakuna hedifoni inaliponya ni hili la kushoto na kulia. Kwenye spika, sikio la kushoto linasikia spika ya kulia pia, inachelewa kidogo na inakuwa imepungua. Kwenye hedifoni kila sikio limefungiwa na upande wake. Ndo maana gitaa ulilolitupa kushoto kabisa kwenye hedifoni linasikika limejitenga na watu, na kwenye spika linatulia. Kwa hiyo asubuhi kabla fundi mageti hajawasha mashine fungua hizo spika zako, hata kwa nusu saa, angalia mpangilio, bonyeza mono, kushoto na kulia viwe sauti moja, usikilize mwimbaji wa solo kama hajapotea. Na umalizie kwenye simu na sabufa la jirani maana wateja wako huko ndiko wanakosikilizia.

Nije kwenye chumba, ambacho naona washauri wako wote hawajakigusa. Hizi hedifoni zote mbili ni za wazi mgongoni. Sauti inatoka nje na kelele za nje zinaingia, ndivyo zilivyotengenezwa na ndo siri ya kusikika kwa uhuru. Kwa usiku wako wa Nyegezi kelele za kuingia sio tatizo, magari ya Barabara ya Kenyatta yakishapungua unabaki na mbwa tu. Tatizo ni za kutoka. Mama watoto akiwa amelala mita mbili kutoka kwako atausikia wimbo, kwa sauti ya simu ndogo iliyo chini ya mto, na atausikia kipande kilekile mara arobaini maana ndo kazi ya kumiksi ilivyo. Kuna watoto wanalala hivyo bila shida na kuna ambao mlango ukigusa tu wameamka, wako unamjua wewe. Huyo mama umuulize kabla ya kutuma hela, sitanii.

Na kurekodi usithubutu kumvalisha mwimbaji hedifoni ya wazi. Klik ya kuhesabia mdundo na kinanda vitavuja vitaingia kwenye maiki, halafu utakaa kuvisafisha na havisafishiki. Kwa waimbaji unahitaji za kufunga, Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 80 au Audio-Technica ATH-M50x, zinachukua mateso ya kwaya nzima kupokezana. Kama huna ya kufunga nzuri hiyo ndo ingetangulia, na mtoto akigoma kulala ndo utakayomiksia pia.

Huyo fundi mageti naye ana sehemu yake kwenye hii habari. Anapokata vyuma kwa ile mashine ya diski vumbi lake ni chembe za chuma, zinaruka mbali kuliko unavyodhani, na LCD-X ina sumaku kali pande zote mbili za utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara, nyuma yake ni wavu tu. Chembe zikinasa kule ndani utaanza kusikia mkwaruzo kwenye besi na hapa Mwanza fundi wa kuifungua sijui utamtoa wapi. HD 800 S nayo ina sumaku, usidhani imesalimika. Kwa hiyo ukimaliza kazi irudi kwenye boksi lake lenye mfuniko, sio kwenye msumari ukutani, na mchana usiitoe dirisha likiwa wazi. Hata wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye taa msimu wao, wakikuta wavu wako wazi wataingia kufia humo.

Uzito sasa, na hili ndo sharti langu kubwa. HD 800 S ni gramu 330. LCD-X ni gramu 612. Gramu 612 kwenye karatasi haionekani kitu, kichwani kuanzia saa nne mpaka saa nane usiku ni habari nyingine, shingo na utosi vitakwambia. Kajaribu ka bure kapo, chupa ya maji ya nusu lita ikijaa ina zaidi kidogo ya gramu 500, ifunge juu ya kichwa kwa kitenge, kaa kwenye laptopu ufanye kazi saa nzima. Mkeo atakucheka lakini utakuwa umejua. Shingo ikilalamika usiseme nitazoea, rudi kwenye HD 800 S. Na joto letu unalijua, pedi za ngozi za LCD-X zinatoa jasho, za HD 800 S ni kitambaa laini zinapumua. Kwa kuvaa tu, HD 800 S inashinda bila mjadala na sioni aibu kusema hivyo.

Haya, sikio.

Sikio likilia baada ya kazi kwa kawaida maana yake limechoshwa na sauti, na likiacha asubuhi watu wanasema limepona. Lakini chembe za nywele za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na kila linapolia unakuwa umeziweka kwenye hatari. Kipimo wanachokitumia Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Kwa hiyo ukimiksi masaa manne kila usiku kwa desibeli 89 ulichotakiwa kutumia wiki nzima umekimaliza kabla hujamaliza usiku wa pili. Sio bei ya hedifoni inayoumiza sikio, ya elfu themanini na ya milioni nne zote zinaua sawasawa kwa volyumu ileile. Ila za bei nafuu zenye besi ya kubumba na sauti za kati zilizojificha zinakufanya uongeze volyumu ili usikie maneno, na hapo ndo inapokupata. Hedifoni safi inaweza kukusaidia ushushe, na inaweza kukudanganya pia, kwa sababu sauti isiyokwaruza haikuonyi kwamba imekuwa kubwa. LCD-X ni hatari zaidi hapo, kitufe kidogo tu umeshafika desibeli 100. Ukiwa na ya wazi tumia kipimo hiki cha kienyeji, mtu akikuita kwa sauti ya kawaida akiwa umbali wa mkono unatakiwa umsikie bila kuvua. Humsikii, shusha.

Lakini kilichonifanya nisimame ni kwamba linalia moja, la kushoto tu. Kelele za hedifoni kwa kawaida zinachosha yote mawili. Likilia moja inaweza kuwa nta imejaa, inaweza kuwa hedifoni yako upande mmoja unapiga zaidi na we umezoea (igeuze, kulia ivae kushoto, usikie), na inaweza kuwa kitu ambacho mimi fundi mitambo siwezi kukiona kupitia maandishi. Nenda kapimwe. Hospitali ya Bugando kuna madaktari wa masikio, pua na koo, anza hata hospitali iliyo karibu wakuangalie na kurunzi wakupe rufaa, na uombe kipimo cha usikivu cha kila sikio peke yake. Usimwage mafuta, usichokoe na njiti. Na siku ukiamka sikio moja limeziba ghafla husikii, au linatoa usaha, au kizunguzungu, au mlio unapiga pamoja na mapigo ya moyo, nenda siku hiyohiyo, la ghafla hasa usilisubirishe wiki maana dawa yake inataka siku za mwanzo.

Na kipimo hicho kinaingia moja kwa moja kwenye ununuzi wako. Kama la kushoto limepungua kwenye sauti za juu, kila miksi yako itakuwa inaongeza kushoto bila wewe kujua, na hakuna Sennheiser wala Audeze itakayokwambia. Ndo maana nimesema hedifoni isiwe kitu cha kwanza.

Kwenye hela iko hivi. HD 800 S iliingia sokoni kwa dola 1,699, LCD-X ya toleo la 2021 iliingia kwa dola 1,199, bei zinapanda na kushuka lakini kwa bei hizo tofauti ni zaidi ya milioni moja ya kwetu. Kwenye hiyo tofauti unapata DT 770 Pro ya waimbaji, kipimo cha sikio, fundi wa ethi na chenji. Hapo ndo LCD-X inapopata kura yangu, haidai amplifaya, besi unaisikia yote, na inakuachia hela ya vitu vingine. Ungekuwa unanunua ya kukaa jioni unasikiliza tu, chumba chako mwenyewe na hakuna mtoto, ningekwambia HD 800 S na nisingejieleza sana. Na kuna njia ya tatu ambayo hukuiuliza, Sennheiser HD 600, ipo tangu 1997, ni nyepesi, kwenye sauti za waimbaji iko sawa kuliko zote mbili ikiwa haijarekebishwa, besi ya chini kabisa haina, bei yake ni sehemu ndogo ya hizi. Kwaya nyingi nzuri zimemiksiwa kwa vitu vya namna hiyo. Kama hizo milioni umezitoa kwenye hela ya kodi au ya mtoto, chukua hiyo na usimsikilize mtu.

Shemeji mwambie anunue kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni, kitu cha nusu bei mtandaoni akipite, feki zipo. Anunue mapema, sio siku ya kuamkia safari, aivae huko acheze mlio unaotoka hezi 20 kwenda juu taratibu, sikio kwa sikio, kama upande mmoja unakwaruza au umezidiwa airudishe hukohuko, kwa sababu ukishaipokea hapa kuirudisha Marekani nauli yake itakuuma. Atoe boksi la nje kama mzigo unabana lakini risiti abaki nayo mkononi, ya udhamini na ya forodha, aseme alichobeba. Aongeze pedi moja ya akiba maana pedi ndo inakufa kwanza. Na ukiamua kumtuma amplifaya kwa ajili ya HD 800 S, asome adapta yake kabla hajalipa, hedifoni yenyewe haina habari na umeme wa ukutani lakini adapta iliyoandikwa 120V peke yake ukiichomeka kwenye 230 zetu utasikia pa na harufu. Iwe imeandikwa 100-240V.

Ukishapimwa sikio niandikie wamesema nini, na uniambie aina ya saundikadi na programu unayotumia, nitakupangia hiyo ikwalaiza mahali pa kukaa kabla mzigo haujafika.